Swichi Nyekundu

Kishindo kilisikika saa moja usiku katika nyumba moja ya Kikula, Likasi, mwezi wa Agosti 2017. Hakikuwa kikubwa, na majirani walidhani ni balbu imepasuka. Ndani ya chumba, hata hivyo, kulitanda moshi mwembamba na harufu ya samaki aliyeungua, na kijana wa miaka 18 alikuwa amesimama katikati yake, hajui achomoe waya au akimbie. Kompyuta aliyoinunua Lubumbashi kwa dola 140, akaipakata ndani ya basi kilomita 120 zote za kurudi nyumbani, ilikuwa imeishi chini ya sekunde mbili.

Kijana huyo ndiye mwandishi wa kumbukumbu hizi. Tangu usiku ule ameunganisha kompyuta nyingi za kuchezea gemu, zake na za wengine, na karibu kila anayekuja kwake huja na swali moja: nina dola kadhaa, ninunue kadi gani ya grafiki? Naye, kabla ya kutaja kadi yoyote, huanza kusimulia habari za swichi nyekundu.

Swichi yenyewe ni ndogo kama ukucha wa kidole gumba. Hukaa nyuma ya kompyuta, kwenye kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani, ambacho Dar es Salaam hukiita pawa saplai na Likasi, mji uliosoma kwa Kifaransa, hukiita alimentation. Ikisukumwa upande mmoja husomeka 115, upande wa pili 230. Kompyuta ile ilitumika katika nchi ya umeme wa volti 120 kabla ya kuingia Afrika kama mtumba, na njia nzima hakuna aliyeigusa swichi. Soketi za Kongo hutoa volti 220. Pawa saplai za aina hiyo zikiwekwa kwenye 115, sakiti zake huzidisha volti mara mbili. Zikipewa 220, zaidi ya volti 600 huangukia kapasita mbili ambazo kila moja kwa kawaida imeundwa kubeba 200 tu. Zilipasuka zote mbili. Harufu ya samaki ilikuwa ya maji yaliyomo ndani yake.

Baba yake, fundi umeme aliyemaliza miaka yake ya kazi katika karakana za shaba za Shituru, alikuja na bisibisi bila kusema neno. Alikifungua kile kisanduku, akakinusa, akakiweka mezani.

"Papa, wamenidanganya," kijana alisema.

"Hapana. Wewe haukuuliza," baba alijibu. "Courant njo ya kwanza, mwana. Mashine inakuja nyuma." Yaani umeme kwanza.

Asubuhi yake alimkabidhi multimeta yake ya zamani na daftari la shule lenye mistari. Kazi ilikuwa hii: kwa siku kumi, apime soketi ya chumba chake mara tatu kwa siku na kuandika. Kijana aliona ni adhabu. Lakini ilipofika siku ya nne alikuwa akiamka kabla ya saa ya kupima, kwa hamu ya kujua. Saa kumi na mbili asubuhi: 214. Saa moja na nusu usiku: 161. Saa sita usiku: 236. Siku ya saba, saa moja na nusu usiku: 158. Sababu haikuwa fumbo kwa mtu wa Likasi. Jioni kila nyumba huwasha réchaud, jiko la umeme, bukari, yaani ugali, ikasongwa na samaki akakaangwa mtaa mzima kwa wakati mmoja, na umeme ukainama. Watu wakilala, unainuka kupita kiasi. Gemu nazo huchezwa saa hizo hizo, jioni na usiku wa manane.

Ajabu ni kwamba huu ni mji uliokua pamoja na mabwawa ya umeme. Likasi, iliyokuwa ikiitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ilikuzwa na kampuni ya madini ya Union Minière kwa ajili ya shaba, na shaba husafishwa kwa umeme. Ndiyo maana kituo cha Mwadingusha kilianza kazi mwaka 1930 kwenye mto Lufira, na kile cha Koni kikafuata mwaka 1950 kwenye mto huohuo. Mwadingusha kilikarabatiwa na kufikia nguvu ya takriban megawati 78 mwaka 2021, kwa fedha za kampuni ya mgodi inayouhitaji umeme huo. Tangu mwanzo nyaya zilivutwa kuelekea viwandani. Mitaa ya makazi ilipata kilichobaki, na watu wameongezeka kuliko nyaya.

Baba alikuwa na namna yake ya kueleza kazi ya pawa saplai, na kijana hajapata maelezo bora kuliko hayo. Tangu miaka ya 1980 mwanzoni, laini ya umeme yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi hutoka Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, hadi Kolwezi. Inabeba umeme wa moja kwa moja, ule wa namna ya betri, kwa volti laki tano. Kolwezi kuna kituo kinachougeuza kuwa umeme wa kwendakurudi, ndio unaofika sokoni na majumbani. "Sasa wewe chini ya meza yako unajenga Kolwezi ndogo," baba alisema, "ila inafanya kazi kinyume." Pawa saplai huchukua umeme wa kwendakurudi wa volti 220 na kuugeuza kuwa wa moja kwa moja, hasa wa volti 12. Kila kitu ndani ya kompyuta, prosesa, kadi ya grafiki, feni, diski, hunywa kwenye kisima hicho kimoja. Kisima kikichafuka, wote wanaugua.

*

Mashine ya kwanza iliyodumu ilipatikana mwaka 2019, na bajeti yake ilikuwa dola 230. Safari hii kijana hakutafuta kompyuta iliyoandikwa "gaming". Alitafuta mtumba wa ofisini: Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012, yenye prosesa ya Intel Core i5-3470. Dukani Lubumbashi aliomba aigeuze, akasoma kibandiko cha nyuma kabla ya kuuliza bei. Hapakuwa na swichi nyekundu. Kibandiko kilisema 100–240V. Maana yake, pawa saplai ile hujirekebisha yenyewe kwa umeme wowote kati ya namba hizo mbili. Volti 158 za saa moja na nusu usiku kwake ni siku ya kawaida. Maneno hayo madogo yana thamani kubwa kuliko taa zote za rangi zinazouzwa pamoja na kompyuta, na mnunuzi wa Katanga ayatafute kwanza.

Muuzaji alitaka 95. Noti ya dola 20 aliyopewa ilikuwa na mpasuko mdogo pembeni, akairudisha, kama kila mtu Kongo anavyofanya, na kijana akalazimika kuzunguka mitaa miwili kutafuta wa kumbadilishia.

Prosesa ile ilikuwa na sifa moja iliyomfurahisha. Watengenezaji wa Grand Theft Auto V, walipoileta gemu hiyo kwenye kompyuta mwezi wa Aprili 2015, waliitaja i5-3470 kwa jina katika orodha ya vifaa wanavyopendekeza. Kilichokosekana ni kadi ya grafiki, na hapo ndipo pawa saplai ya ofisini inapoweka mpaka wake: ina wati 275 tu, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi lazima iishi kwa wati 75, ambazo ndizo tundu la madabodi, ubao mkuu wa kompyuta, linaruhusiwa kutoa. GeForce GTX 1050 Ti ya mwaka 2016, yenye gigabaiti 4, iliundwa kwa kiasi hichohicho. Aliipata mtumba kwa dola 90. SSD ya gigabaiti 240 ilimgharimu 30, na kipande kingine cha RAM 12.

Rafiki yake alifanya hesabu hiyohiyo akapotea kwenye jambo moja. Alinunua OptiPlex 7010 ya umbo jembamba, ile inayolala chini ya skrini, kwa kuwa ilikuwa nafuu kwa dola 15. Kadi aliyonunua ilikuwa ya urefu wa kawaida. Haikuingia. Alikata kifuniko kwa msumeno wa chuma, kadi ikabaki imechungulia nje kama mtoto dirishani, na vumbi la kiangazi likamaliza yaliyosalia. Anayenunua mtumba wa ofisini achukue ule wa umbo la mnara, hata kama ni ghali kidogo. Na ajue kwamba OptiPlex na HP nyingi zilizofuata baada ya hapo zina plagi za umeme za kipekee, ambazo pawa saplai ya kawaida haiziwezi bila kiunganishi maalumu.

Kuhusu gemu zenyewe, intaneti ya simu haikuwa njia ya kupakua gigabaiti 65. Vijana wa Likasi wana njia yao: aliyelipia gemu kwenye akaunti yake ya Steam hunakili folda kutoka diski ya mwenzake, kisha Steam hukagua na kupakua kinachopungua tu. Diski moja ya nje ilizunguka Kikula, Panda na Shituru mwaka mzima.

Mashine ile ingali hai. Ila kwa leo mwandishi haipendekezi kwa anayetaka kukaa nayo miaka mingi: Microsoft ilimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizitambui rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kwa mwenye dola 250, mtumba wa ofisini wenye Core i5 ya kizazi cha nane au zaidi ndio mahali pa kuanzia.

*

Bajeti ya pili ilikuja mwaka 2022: dola 460, akiba ya miaka mitatu ya kutengeneza simu na kompyuta za watu. Safari hii kila kipande kilichaguliwa peke yake, na hapa ndipo kijana alipofanya kosa lililomfundisha zaidi ya yote.

Kwa miaka miwili hadi wakati huo kadi za grafiki zilikuwa zimeadimika dunia nzima. Uhaba wa chipu na watu waliokuwa wakizitumia kutengeneza sarafu za kidijitali walikuwa wamezimeza. Kununua kadi kwa bei ile kulikuwa sawa na kununua mahindi mwezi wa Februari, kabla ya mavuno. Aliamua kuchukua prosesa yenye grafiki ndani yake, Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, kisha angoje bei ya kadi ishuke. Dola 190. Alijua kuna gharama: 5600G ina akiba ya ndani ya megabaiti 16, wakati ndugu yake 5600X anayo 32, kwa hiyo siku kadi itakapoongezwa itakuwa nyuma hatua moja. Alikubali. Kompyuta inayocheza leo kwa nguvu ndogo ilikuwa bora kwake kuliko sanduku linalosubiri kadi mwaka mzima.

RAM alinunua vipande viwili vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16. Muuzaji alimshangaa, maana kimoja kingemwachia nafasi ya kuongeza. Lakini grafiki iliyo ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake yenyewe. Huazima RAM ya mashine, na vipande viwili huipa njia mbili za kupita badala ya moja. Katika gemu tofauti yake huonekana kwa macho, bila kipimo chochote.

Kosa lilikuwa kwenye madabodi. Alinunua ya B450, mtumba, dola 75, tundu lake ni AM4, prosesa yake ni ya AM4, ikaingia vizuri kabisa. Aliwasha. Feni zikazunguka, skrini ikabaki nyeusi.

Alibadilisha RAM, akabadilisha kebo, akaipeleka kwenye televisheni ya sebuleni. Weusi uleule. Usiku wa pili ndipo alipoelewa: madabodi za B450 zilianza kuuzwa mwaka 2018, na BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha mashine, ilikuwa ya wakati huo. Haikuijua prosesa iliyozaliwa miaka mitatu baadaye. Ilihitaji kusasishwa, na ili isasishwe ilihitaji prosesa ya zamani inayoijua. Likasi nzima hakumpata mwenye nayo. Alipanda basi tena kwenda Lubumbashi, akaweka amana ya dola 50 kwa fundi mmoja wa huko ili kuazima Ryzen 3 2200G kwa siku tatu, akarudi nayo mfukoni imefungwa ndani ya kiboksi cha dawa.

Kusasisha BIOS huchukua dakika chache tu, lakini umeme ukikatika katikati, madabodi hufa. Baba na mwana walilipanga jambo hilo kama upasuaji. Waliazima UPS ya jirani, kile kifaa cha betri kinachoitwa onduleur, wakaichaji mchana kutwa. Walichagua saa kumi na mbili asubuhi, kwa kuwa daftari lilionyesha kuwa saa hiyo volti hazitikisiki. Mama alikatazwa kuwasha chochote. Kwenye skrini mstari ulitambaa: asilimia 12, 31, 58. Ulipofika 74 UPS ililia mara moja, taa ya sebuleni ikafifia na kurudi, na baba akaushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili kama kwamba ndiyo iliyokuwa ikiendesha kazi. Mstari ukaendelea. Walipoirudisha 5600G, picha ikaja.

Siku hizi mwandishi huuliza swali moja kwa kila muuzaji wa madabodi: BIOS yake ni toleo gani? Asiyejua huombwa aiwashe mbele ya mnunuzi, na prosesa ileile itakayotumika.

Katika zile dola 460, 65 zilikwenda kwenye pawa saplai ya wati 550 yenye alama ya ufanisi ya 80 Plus Gold. Marafiki waliona ni wazimu, kwa maana mashine nzima ikicheza ilikuwa haivuki wati 100 hivi, na sokoni kulikuwa na pawa saplai za "wati 600" kwa dola 15. Kijana aliziweka mbili kwenye mizani ya muuza nyama. Ya dola 15 ilikuwa nyepesi hata nusu ya mwenzake haikufika. Wati haziandikwi tu kwenye kibandiko. Zinatokana na koili za shaba, kapasita nene na vipande vya kupozea, na vitu hivyo vina uzito. Nyepesi ile ilikuwa pia na swichi nyekundu.

Mwaka uliofuata bei za kadi zilipolegea, aliongeza Radeon RX 6600, inayokula wati 132. Pawa saplai haikubadilishwa.

*

Kadi ile ilitokana na mazingira ambayo mtu wa Likasi ana neno lake tayari. Duniani kote watu walikuwa wakisema wanachimba sarafu, na Ethereum ndiyo iliyochimbwa zaidi kwa kadi za grafiki. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha utaratibu wake, uchimbaji wa kadi ukakoma kwa siku moja, na maelfu ya kadi zilizochoka zikamwagwa kwenye masoko ya mitumba, kuanzia Dubai hadi Kariakoo na Lubumbashi. Mji wa wachimbaji unajua mchimbaji aliyefanya kazi zamu tatu anavyoonekana. Kadi nayo ina dalili zake: feni inayoyumba ukiisukuma kwa kidole, mafuta yaliyovuja kutoka kwenye pedi za kupoza, rangi ya ubao iliyogeuka kahawia karibu na chipu. Mwandishi hazikatai kadi hizo, kwani chipu iliyofanya kazi kwa joto lisilobadilika inaweza kudumu. Hukataa kununua yoyote bila kuiona ikicheza gemu nzito kwa nusu saa, na hukataa RX 580 kwa bei yoyote inayokaribia ile ya RX 6600, maana inakula wati 185 kufanya kazi ndogo zaidi. Kwa anayetegemea jenereta au betri, tofauti ile inaweza kuwa saa nzima ya kucheza.

*

Bajeti kubwa kuliko zote haikuwa yake. Mwaka 2024 binamu yake anayefanya kazi mgodini Kolwezi alimletea dola 1,200 taslimu na picha kwenye simu: kesi ya kioo pande mbili, feni saba za rangi.

"Yaya, nataka hii," alisema.

"Nyumbani kwako lami inafika?"

Haikufika. Kiangazi cha Katanga, kuanzia Mei hadi Septemba, vumbi jekundu huingia hata kwenye sukari. Feni saba bila chujio zingekuwa mashine ya kufagia barabara. Walibishana siku mbili, kwa heshima lakini kwa ukali. Mwishowe kioo kilibaki upande mmoja, feni zikawa tatu, zote nyuma ya wavu wa chujio unaotoka na kuoshwa, na fedha iliyookolewa ikaenda kwenye vitu visivyopendeza kwenye picha.

Prosesa: Ryzen 5 7600. Ile ya Intel Core i5-12400F ingekuwa nafuu, lakini herufi F mwishoni mwa jina lake ina maana kwamba haina grafiki ndani. Kadi ikiharibika Kolwezi, na ya kubadilisha inatoka Dubai kwa njia ya bandari ya Dar es Salaam, Tunduma na Kasumbalesa, mwenye F anakaa na skrini nyeusi wiki nyingi. Mwenye 7600 anachomoa kadi na kuendelea na kazi zake. Kadi: GeForce RTX 4060, wati 115. Kwa fedha ileile kulikuwa na RTX 3060 Ti mtumba yenye mwendo unaokaribiana, lakini inakula 200, na UPS ya binamu ilikuwa ya VA 1,000, ambayo hubeba takriban wati 600 na kwa dakika chache tu. (VA si wati. Wauzaji wengi huzichanganya, na mnunuzi hulipa.)

Ilipowashwa Kolwezi kulizuka jambo ambalo mwandishi hakulitarajia. Umeme ulipokatika UPS ililia kama inavyopaswa, na kompyuta ikazima palepale. Mara tatu. UPS za bei ya chini hazitoi wimbi laini la umeme kama la ukutani; hutoa la ngazi, na baadhi ya pawa saplai nzuri, zile zinazojirekebisha zenyewe, hulikataa. Kifaa kizuri kilikuwa kimekutana na kifaa hafifu na hawakuelewana. Binamu aliuza UPS ile na kuongeza dola 80 kupata ya wimbi laini. Lawama hiyo ni ya mwandishi, aliyepima kila kitu ila hicho.

Kulikuwa na jambo jingine, dogo kwa kuonekana. Binamu alilalamika kuwa kesi "inamtekenya" akiigusa miguu mitupu. Kebo ilikuja na plagi ya miguu mitatu ya mraba, ya Dubai, naye aliichomeka kwenye adapta ya miguu miwili ili iingie kwenye soketi ya Kongo. Waya wa ardhi ukabaki hewani. Baba, aliyekuwa amesafiri nao, alipima kati ya chuma cha kesi na sakafu yenye unyevu: volti 107. Karibu nusu ya umeme wa ukutani, kwa kuwa vichujio vya ndani ya pawa saplai hutegemea waya wa ardhi kumwaga kinachobaki. Mkondo wake ni mdogo, hauui, lakini ukichomeka kebo ya skrini katika hali hiyo unaweza kuunguza kadi. Walinunua kebo sahihi kwa dola 4 na kuchimbia fimbo ya shaba nyuma ya nyumba.

Jioni ile baba alikishika kipozeo cha prosesa kabla hakijafungwa. Mirija minne ya shaba, iliyopinda kama vidole, na mapezi membamba ya alumini. Mwandishi alimweleza kuwa ndani ya kila mrija kuna maji kidogo tu: yakiguswa na joto la prosesa hugeuka mvuke, yakikimbilia kwenye mapezi hupoa na kurudi. Baba alikigeuzageuza karibu na dirisha. Alikuwa ametumia maisha yake kuhudumia mitambo inayotoa shaba kwenye maji, bamba moja baada ya jingine, na hakuwahi kuona inakokwenda.

"Hii njo mukuba yetu," yaani shaba yetu, alisema, na akakifunga mwenyewe, skrubu nne, kwa mpangilio wa msalaba ili kisiegemee upande mmoja.

*

Mwisho wa mwaka 2025 bei ya RAM ilipanda kwa kasi, kwa sababu vituo vya kompyuta vya akili bandia vilikuwa vikinunua chipu za kumbukumbu kwa wingi, na mwezi wa Desemba kampuni ya Micron ilitangaza kuwa inaacha kuwauzia watu wa kawaida RAM za jina la Crucial. Hesabu za 2024 hazisimami tena. Kwa sasa mwandishi huwashauri wenye bajeti ya kati wabaki kwenye AM4 na RAM za DDR4, hasa mitumba, na wasitupe kipande chochote kinachofanya kazi.

Pawa saplai ya dola 65 ya mwaka 2022 bado inafanya kazi, sasa chini ya meza ya mdogo wake wa kike huko Panda. Na kwa msomaji wa Likasi, Kambove au Kolwezi anayepanga kununua mwaka huu, ombi ni moja: pima soketi yako saa moja na nusu usiku kwa wiki nzima, uandike, kisha uje na namba zako kabla ya kutaja kadi. Multimeta ya kutosha kwa kazi hiyo hupatikana kwa chini ya dola 10.